Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Mzee Kawawa na boma letu la maktaba

Mheshimiwa mgeni rasmi shikamoo. Mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi, na nyie wanafunzi mliokaa juani, itifaki imezingatiwa. Karibu sana mheshimiwa na pole na vumbi, gari tumeliona lilivyofika.

Leo tunamkumbuka mzee wa huku kwetu Ruvuma, Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita. Historia tutaikimbiza maana jua kali. Alizaliwa 1926, akatokea kwenye vyama vya wafanyakazi, na kabla ya siasa alicheza mpaka filamu (kidato cha pili walibisha hadi mwalimu akaapa). Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipoachia uwaziri mkuu akaimarishe chama cha TANU, kiti akapewa Kawawa, Desemba mwaka huohuo tukawa jamhuri Mwalimu akarudi kama rais, mzee akawa makamu wake na hatujasoma popote kwamba alinuna. Baada ya Muungano akawa makamu wa pili, 1972 waziri mkuu tena mpaka 1977, Vita vya Kagera vikamkuta ni waziri wa Ulinzi, halafu katibu mkuu wa CCM 1982 hadi 1990. Alifariki 31 Desemba 2009. Sisi tulichompendea ni kimoja tu, Mwalimu akishasema jambo Kawawa ndo anatoka kwenda kulisimamia. Hilo tutalirudia mheshimiwa.

Mafanikio ya klabu ni makubwa mno. Tumeshika nafasi ya pili mdahalo wa kata (shule zilikuwa tatu), na tumechora ramani ya Tanganyika ukutani kwa rangi iliyobaki kwenye ofisi ya mkuu, ndo maana Ziwa Nyasa ni la kijani.

Sasa changamoto. Zipo nyingi ila leo tumekubaliana kuitaja moja, maktaba. Wazazi walichoma tofali wenyewe, wakina mama wakasomba maji kichwani toka mtoni, boma likafika renta, juu ya madirisha, likaishia hapo bila paa. Mgeni rasmi wa kwanza alisimama hapohapo uliposimama wewe akaahidi bati, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Wa pili akasema bati alizikuta kwenye taarifa, yeye ataongeza mbao, akatuachia namba ya msaidizi wake, tumepiga mpaka leo haipatikani. Wa tatu hakuahidi kitu, alicheza ngoma na sisi akaondoka na mbuzi, huyo angalau hatumdai.

Masika mbili zimelinyeshea boma hilo, ukuta wa upande wa jikoni umeanza kuinama na mbuzi wa jirani wanalala ndani kama kwao. Vitabu viko kwenye maboksi stoo ya chakula pamoja na mahindi, na panya hawachagui, kitabu pekee tulichokuwa nacho chenye Vita vya Majimaji wamekila kuanzia jalada mpaka 1907, yaani vita vya babu zetu hapahapa Songea tunahadithiwa kwa mdomo.

Mheshimiwa hatuombi hela, hela zina maneno. Fundi tunaye, ni mzazi, kashapima na kasema bati 84 za geji 28, mbao na misumari, kupaua atapaua bure. Tunachoomba ni ile tabia ya Kawawa, jambo likishasemwa lisimamiwe, kwa hiyo kwa heshima zote ukisimama kujibu utaje bati ngapi na zinafika tarehe gani, katibu wetu yule mwenye daftari jekundu ataandika na wewe utasaini, samahani sana ila wale waliotangulia hatukuwasainisha. Na kabla ya kwenda kwenye chakula tunaomba upitie bomani, ni hatua chache tu nyuma ya jiko, njia tumeifyeka jana na mbuzi tumewatoa.

Tunaomba kuwasilisha.