Wifi, ile nazi ungeiacha mkononi mwake

Wifi yangu,

Assalamu alaykum. Simu yako ya juzi aliipokea ndugu yako, lakini sauti yako unaijua, ilijaa chumba kizima, nami nilikuwa hapo hapo kitandani namfuta mtoto maji. Nimesikia harusi ya mwanao ni Mfunguo Pili. Nimesikia habari ya sare na habari ya mchango, na kwamba mwali ataingia ndani mapema. Mwenyezi Mungu amjaalie kheri. Mtoto yule namwombea kama ninavyomwombea wangu. Kisha ukasema, "Na huyo mkeo aje."

Huyo mkeo ana jina, wifi. Ulilitaja wewe mwenyewe ukumbini kwetu Mtambwe siku mliyokuja kuposa, ukalirudia mbele ya mama yangu, ukasema ni jina la watu wenye bahati.

Naandika hapa kwa sababu kwenye simu hunipi mwanya, na ndugu yako hataki jambo lile liguswe. Kila nikilifungua huniambia, "Mwache dada, yule ndiye mama yangu." Nami nanyamaza, maana ni kweli. Ameshanihadithia namna mama yenu alivyofariki naye hajatiwa jandoni, ukaacha skuli wewe, ukawa unakaanga vitumbua alfajiri na kwenda kuviuza bandarini ili yeye apate madaftari. Ameshanihadithia ulivyombeba mgongoni na homa usiku mpaka hospitali. Mwanamke mwenye akili hamchezei mtu wa namna hiyo.

Na mimi umenitendea. Nilipojifungua huyu wa kwanza ulifunga nyumba yako Unguja ukavuka, na wakati ule kusi linavuma. Najua bahari ya Nungwi inakufanya nini tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, najua ulikuwa na watu mle. Lakini ulivuka. Ulinikanda kwa maji ya moto, ukanifunga mkaja, ukanipikia supu ya pweza na uji wa pilipili manga, ukalala chini kwenye mkeka mpaka nikatoka arubaini. Usiku mtoto akilia ulikuwa unaamka kabla yangu. Sijasahau hata kimoja, na ndiyo maana hili jengine limenikaa. Angelifanya mtu baki ningelikuwa nimeshalitupa.

Unajua ninalolisema. Ile alasiri ya karafuu.

Ndugu yako alikuwa amekodi mikarafuu kwa yule mzee wa Mchangamdogo, ile iliyomo kwenye eka tatu alizogaiwa baba yake baada ya Mapinduzi. Fedha ya kukodia ilitoka kwenye upatu wangu na kwenye kabati alilomuuzia yule mwalimu. Wewe ni mtu wa Pemba, huhitaji kufundishwa kwamba karafuu mbichi hailazwi. Ukiirundika mpaka asubuhi inapata joto inavunda, kwa hiyo iliyochumwa leo lazima ichambuliwe leo. Uani palikuwa na mama yangu, jirani wa mlango wa pili na wale wasichana wa Jadida, wote wamelizunguka jamvi, karafuu huku, makonyo kule. Mimi nilikuwa nao, mtoto mgongoni, ana homa. Na tangu adhuhuri wingu lilikuwa limesimama upande wa Mtambwe, na zile za siku zilizotangulia, zilizokwisha kukauka, zilikuwa bado nje. Mwaka ule kilo ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000. Karafuu kavu ikipigwa na mvua inashuka daraja, na sisi kodi ya nyumba ilikuwa imeanikwa pale kwenye majamvi.

Ndugu yako akarudi kutoka karakana, akatutazama, akaona seredani haina hata jivu la moto. Hakuna aliyemtuma. Nataka ulisikie hilo vizuri, wifi, hakuna aliyemtuma. Alinawa, akatoa nazi mbili kwenye gunia, akazivunja, akavuta mbuzi chini ya mwembe akakaa, akaanza kukuna. Huku anakuna huku anatusimulia habari za yule mteja wake aliyetaka kitanda cha mfenesi kwa bei ya ubao wa boksi. Watu wakacheka. Mama yangu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga, na mama yangu tangu baba afariki kicheko chake kilikuwa nadra.

Ukaingia wewe. Umeshuka Mkoani, umepanda gari mpaka Chake, umepanda ya 606 mpaka Wete, najua ulikuwa umechoka na jua limekupiga. Hodi hukupiga. Ulisimama mlangoni na kapu lako, ukamtazama ndugu yako, kisha ukaenda moja kwa moja ukamtoa nazi mkononi. Akainuka, mwanamme mzima na ndevu zake, kama mtoto aliyekamatwa na embe za watu. Ukakaa wewe juu ya mbuzi na buibui lako la safari, ukaikuna nazi ile mpaka ukafika kwenye kifuu. Uani kukawa hakusikiki kitu ila mlio wa meno ya mbuzi. Ulipomaliza ukasema, bila ya kuinua uso, "Mama hakutuachia mtumishi. Alituachia mwanamme." Ndipo ukainua macho. Hukunitazama mimi. Ulimtazama mama yangu.

Kama ungenitukana mimi ningelijua la kujibu, au la kumeza. Mimi ni mkeo, kama mnavyosema huko, nimeshaolewa na maneno yenu. Lakini mama yangu alikuja kutusaidia. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa makonyo yetu. Alimaliza fumba lililokuwa mkononi, akatenga karafuu na makonyo, akanawa, akajitanda, akaniambia, "Mwanangu, mashua ya mwisho itaniacha." Mashua ya mwisho ilikuwa bado sana. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Tangu hapo huja kutusalimia, hushika mtoto, hunywa chai ya mkandaa, huondoka. Kulala kwetu hajalala tena.

Karafuu tuliziokoa nyingi. Hilo hata hukuliuliza.

Sasa nikwambie lililobaki nyumbani baada ya wewe kurudi Unguja, maana wewe ulilisema ukaenda zako, sisi ndio tuliokaa nalo. Ndugu yako hajakalia mbuzi tena. Hakusema kwamba ameacha, wala hakunionesha hasira. Ikifika saa ya kuwasha moto anavaa kofia anakwenda maskani, anarudi baada ya isha. Watu wa mtaa wanamwona anacheza bao wanasema huyu sasa ametulia, amekuwa mtu mzima. Labda na wewe ukiambiwa utafurahi.

Lakini saa ile, wifi, ndiyo iliyokuwa nyumba yetu. Huijui siku yetu ilivyo. Maji ya bomba hutoka usiku wa manane, na anayeamka kujaza madumu ni yeye, kwa sababu mimi nanyonyesha. Akitoka msikitini alfajiri anakwenda karakana. Mimi nakaanga chapati na kupika maharage ya nazi nawauzia watoto wa skuli, nikimaliza nakaa kwenye cherehani mpaka adhuhuri. Mchana kila mtu na lake. Usiku umeme wa tukuza ukimalizika, na humalizika usiku kila mara, tunalala mapema tuokoe betri ya simu. Katika siku nzima ilikuwapo saa moja tu baina ya alasiri na magharibi ambayo tuko sote wawili macho, yeye anakuna mimi nachuja tui, au mimi nakuna yeye anaparura vibua. Hapo ndipo tulipozungumza. Kodi. Kikohozi cha mtoto. Mteja asiyemaliza deni. Kama tuhamie Chake au tubaki Wete. Mambo yote yaliyopo katika ndoa yetu yaliamuliwa pale, na hakuna hata moja lililoamuliwa vibaya.

Siku hizi tunayazungumza kitandani, na mmoja wetu huwa ameshalala. Mwezi uliopita ameuza mashine ya randa. Mashine ya kazi, wifi, aliyoinunua kwa kujinyima. Ameiuza kwa bei ya kutupa, na mimi nimekuja kuambiwa na mke wa mnunuzi gengeni. Nilipomuuliza akasema, "Nilitaka kukwambia." Wakati gani angeniambia? Nipe jibu, maana mimi sina. Miaka yote ile hajawahi kuuza hata patasi bila ya kunambia.

Utasema ni desturi, mwanamme jikoni hakai. Kwani desturi gani hiyo? Babu yangu Mtambwe alikuwa akisonga ugali mwenyewe bibi akiwa shamba, na hakuna aliyemwita mtumishi. Wavuvi wa Kojani wakiwa dago, kambini kwao, wanajipikia wenyewe na ni wanaume watupu. Na ukitaka ya dini, Bi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akasema alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii wewe ndiye uliyenisomea, nimetoka uzazini, ulipokuwa unamwambia ndugu yako anishikie mtoto nioge. Ulimwambia hivyo. Kwa hiyo kushika mtoto ni sunna na kukuna nazi ni utumwa? Au tofauti ni kwamba siku ile palikuwa na watu wakitazama?

Nimefika kwa mwali, maana ndiye hasa aliyenifanya nikae niandike. Mwambie mke wa mjomba wake anampa neno. Mwanangu, somo yako atakufundisha namna ya kutandika kitanda, kufukiza nguo na kumpokea mume, yasikilize yote, mazuri. Ongeza na langu. Mkae karibu mnapopika. Hata kama yeye hashiki kitu, mvutie kibao, mpe chai, akae. Akitaka kushika, mwache ashike. Usimcheke akikuna nazi vibaya. Na mtu akija akakwambia mume anayekusaidia umemlisha kitu, mjibu.

Maana hilo limesemwa. Sisemi umelisema wewe, wifi, ila limesemwa barazani kwako Unguja, na aliyelisikia ameniletea na soda akanywa kwangu. Ati nimemlisha ndugu yako. Mimi! Nimemlisha wali na mchuzi, na muhogo wa nazi siku fedha ilipokuwa haipo, na katika muhogo ule hakukuwa na kitu zaidi ya chumvi. Sikumwomba anipende kwa namna ile. Alikuja nayo kutoka kwako. Wewe ndiye uliyemlea akiona mtu mmoja anabeba nyumba nzima peke yake, akaapa, ameniambia kwa kinywa chake, kwamba mwanamke wake hatabeba peke yake. Kila alipokalia mbuzi ile alikuwa akikulipa wewe vile vitumbua. Ukamwinua.

Lile la mkufu silitii hapa, hilo ni letu sisi watatu na tutalimaliza wenyewe.

Harusini nitakuja. Nitakuja kabla ya siku, nikusaidie, kwa sababu najua hulali ukiwa na shughuli na najua mguu wako ukisimama sana unavimba. Udi nimeshaununua. Karafuu za kutia kwenye chetezo nimekuchagulia mwenyewe, zile zilizokauka vizuri, ukizivunja zinalia. Na mama yangu nimemwomba tufuatane, hajanipa jibu.

Mpigie, wifi. Namba yake ni ile ile. Piga baada ya alasiri, asubuhi anakuwa shamba na simu anaiacha nyumbani. Yeye si mtu wa maneno mengi, hatakushika kwa masuala. Wewe ni mkubwa kwangu na siwezi kukuamrisha, lakini kwa mama yangu wewe ni mtoto, na mtoto akimpigia mtu mzima simu hapungukiwi na kitu. Akiniambia amekusikia, mimi sitalirejea tena neno hili, si kwako wala kwa ndugu yako wala hapa.

Na akikubali, sare niwekee doti mbili. Yake iwe ile ya rangi ya damu ya mzee, hapendi nyeupe inayong'ara.

Msalimie mwali, na uupumzishe huo mguu.

Wifi yako, Wete.