Reli ya kasi hukwama mpakani

Mhariri,

Wanaopigia debe treni za kasi za kimataifa hutaja gharama ya kila kilomita, lakini hesabu huharibikia mpakani. Ujerumani hutumia umeme wa volti 15,000, njia za kasi za Ufaransa 25,000, na njia nyingi za zamani za Ubelgiji 3,000 za mkondo mnyoofu (umeme unaopita upande mmoja tu). Treni inayopita kote huko hubeba vifaa vya kila mfumo, pamoja na mitambo ya ishara ya kila nchi. Uzito hupanda, bei nayo hupanda.

Balaa zaidi ni ratiba za ujenzi. Kipande cha kilomita 44 kati ya Perpignan, Ufaransa, na Figueres, Hispania, kilikamilika mwaka 2009, ila njia ya kukiunganisha na Barcelona ilifunguliwa 2013. Mikopo ya ujenzi ikawa inadai, huku treni za kulipia matumizi ya njia zikiwa za kuhesabu! Kufikia 2016 kampuni yenye mkataba wa kujenga na kuendesha kipande hicho ilikuwa imefilisika, na mashirika ya reli ya serikali zote mbili yakachukua njia.

Mikataba ijayo iitaje nchi itakayofidia ucheleweshaji wa kipande chake, na fidia ilipwe kila mwezi, kama riba inavyodaiwa.

Msomaji, mhandisi wa reli