"Nyumbani Pia Kuna Vyombo": Kwa Nini Mwanao Anamimina Maji kwa Karo Unayolipa

Malalamiko ni yale yale kila muhula, yanabadilisha mdomo tu. Safari hii yamekuja na mama mmoja aliyesimama langoni saa ya kuchukua watoto, akasema mbele ya wenzake: "Mwalimu, kama ni kuosha vyombo, nyumbani pia kuna vyombo." Watu wakacheka. Nikawatazama waliocheka, nikajua wengi wana swali hilo hilo, hawajathubutu kuliuliza. Mtoto ana miaka minne, karo imelipwa, na begi likifunguliwa halina daftari wala homuweki wala tiki nyekundu. Mtoto wa jirani, rika lake, anaandika A mpaka Z. Mzazi lazima ahisi kaibiwa.

Skuli yetu ya watoto wadogo ni ya Montessori: mtoto anajifunza kwa kushika vifaa mwenyewe kabla ya kushika daftari. Haya, tuanze na hivyo vyombo.

Anayeingia na miaka mitatu, kazi yake ya mwanzo ni kumimina pojo kutoka jagi moja dogo hadi jingine. Akizimudu pojo, mchele. Akiumudu mchele, maji. Bilauri zetu ni za kioo, na hapo pia tunalaumiwa: kwa nini tusiweke plastiki, ni rahisi na haivunjiki? Kwa sababu haivunjiki. Kikombe cha plastiki kikianguka hakimfundishi mtu kitu. Bilauri ikianguka darasa zima husikia, na kesho yake huyo huyo utamwona kaishika kwa mikono miwili, anatembea taratibu kama bwana harusi. Zinazovunjika tunanunua nyingine Marikiti, na ndiyo, zimo ndani ya karo. Maji yakimwagika, kitambaa kipo kwenye trei. Anapangusa mwenyewe, mwalimu hanyanyuki. Na kumimina ni kutoka kushoto kwenda kulia, siku zote, maana ndiko macho yatakakopita akianza kusoma. (Wengi wao alasiri wako chuoni wakisoma Kurani, na huko maandishi yanaanzia upande wa kulia. Hawachanganyikiwi hata kidogo. Wanaochanganyikiwa ni wazazi.)

Kisha kuna vibao vya silinda. Viko vinne, kila kimoja na silinda kumi, kila silinda na kishikio kidogo cha kunyanyulia kwa vidole vitatu. Vidole hivyo ndivyo vya kushikia kalamu. Silinda moja ikiwekwa tundu lisilo lake, ya mwisho hukosa pa kukaa, na mtoto anaona kosa bila kuambiwa na mtu. Hapa ndipo bei inapoingia, kwa hiyo nisikilizeni. Kila mwaka hutokea mzazi mwenye nia njema na mjomba seremala, atatuchongea seti nzima kwa robo ya bei. Tuliwahi kupokea seti ya namna hiyo kutoka skuli iliyofungwa. Silinda zilikuwa zinacheza. Ya sita inaingia kwenye tundu la saba, mtoto anamaliza, anarudisha rafuni, anaona yuko sawa. Kifaa kimeshamdanganya. Tofauti ilikuwa milimita chache tu.

Hata vile vizuri, hapa pwani havitulii. Masika yakija, mbao hufura kwa hewa ya bahari, silinda inang'ang'ania tundu mpaka mtoto anainua kibao kizima. Ijumaa jioni nyinyi mkiwa ufukweni pale Lighthouse na mihogo yenu, sisi tuko darasani na feni na vitambaa, tunavikausha. Kuna na mnara wa waridi, michemraba kumi ya kupandanisha, kuanzia sentimita moja hadi kumi, na kale ka sentimita moja kana tabia ya kurudi nyumbani ndani ya mfuko wa kaptula. Tafadhali, mkikapata msikatupe. Bila hako mnara haukamiliki.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagharimu pesa kweli: tuisheni ya siri.

Mzazi akishaona hakuna daftari, anatafuta mwalimu wa jioni, anampa mtoto kalamu, na hatuambii. Tunajua tu. Siku ya pili mtoto kakunja ngumi kushika kalamu, anaandika herufi kubwa, anaimba "ei, bii, sii". Sisi herufi tunaanza na ndogo, za msasa, zimebandikwa kwenye vibao vidogo. Mtoto anazipapasa kwa vidole viwili huku akitamka sauti ya herufi, si jina la herufi. "Bb." "Mm." "Aa." Kiswahili kimeturahisishia mno: ukishajua sauti ya b na ya a, una baba, d ikiongezeka, una dada. Akipewa kisanduku cha herufi za kupanga, mtoto anapanga neno mkekani kabla hata hajaweza kusoma, kabla kalamu haijamtii. Yule wa tuisheni tulimwambia apange baba. Akaimba mpaka zedi, mara mbili, kwa sauti nzuri kabisa. Kisha akatazama kisanduku, akamtazama mwalimu. Muhula mzima ulikwenda katika kumtoa kwenye wimbo na kumfungua ile ngumi, na babake alikuwa amelipa huko na huku.

Kuna na wanaosema hii ni skuli ya watoto wa Nyali, mambo ya wenye nazo. Daktari Maria Montessori, aliyebuni mfumo huu, alifungua Nyumba ya Watoto yake ya kwanza Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, na watoto wale walikuwa wa maskini, wazazi wakishinda kazini wao wanabaki wanachorachora kuta za majengo. Matajiri walikuja baadaye, kama kawaida yao.

Lakini kinachoniuma zaidi ya tuisheni ni kutoa mtoto mwaka wa tatu. Darasa letu lina wa miaka mitatu hadi sita pamoja, na tunapanga kazi kwa miaka mitatu. Ule wa mwisho ndio mavuno: kumtoa hapo ni kuepua wali ungali na maji. Mzazi anasikia skuli fulani ina mtihani wa kuingilia Gredi 1, anaingiwa na hofu, anamhamisha akafanye mazoezi ya kujaza vitabu. Baba mmoja mwenye biashara Kongowea alikuja kutuaga. Mwanawe akamwomba angoje kidogo, akaenda kwenye shanga za kuhesabia, za rangi ya dhahabu: moja moja, vijiti vya kumi, miraba ya mia, mchemraba wa elfu. Akarudi na trei, elfu mbili mia tatu arobaini na tano, kaibeba kwa shida maana elfu mbili ni nzito na ndivyo inavyotakiwa iwe. Baba akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa, akacheka. Na bado akamhamisha. Mwaka uliofuata alinipigia kuuliza kama tuna mwalimu wa tuisheni ya hesabu. Hatuna.

Kwa hiyo, karo. Hatuishushi, na hatupokei mtoto wa muhula mmoja "ajaribu tu". Ndani yake mna mwalimu mwenye diploma ya kazi hii, msaidizi wake, vifaa vilivyokuja kwa meli na kupita forodha, na zile bilauri za kioo.

Anayetaka kuona kabla ya kulipa, Jumatano ni siku ya wageni. Kuna kigoda karibu na mlango, unakaa, simu imezimwa, humwiti mwanao wala humsaidii akimwaga. Fika kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Baada ya hapo mlango unafungwa mpaka saa tano na nusu, watoto wako kazini.