Rehema, ongea na Nalongo kabla hajarudi maabara

Rehema wangu, salaam aleikum, habari za Kampala na watoto? Sisi huku Busia tupo, mvua imetubana na njia ya sokoni ni matope matupu, ila hayo siyo ya kuniamsha usiku nikuandikie. Ni Nalongo.

Kapima tena ile CA 15-3, kile kipimo cha damu cha kufuatilia kansa ya titi kama hiyo aliyotibiwa. Hakuna daktari aliyemtuma, kajipeleka mwenyewe maabara ya mtu binafsi, ikatoka 34 na karatasi inasema mwisho ni 30, basi tangu hapo hali wala halali, ashaanza kuwagawia wadogo zake magomesi yake, zile gauni zake za heshima, kama mtu anayekufa kesho. Magomesi! Lile la kijani mi nililitolea macho miaka yote, sasa hata kulitaja naona aibu.

Nikamuuliza yule binti wa Mzee Juma wa wodi ya kansa. Anasema hiyo ni protini tu iko kwenye damu, ini likiwa na shida inaweza kupanda, na Nalongo si ana hepataitisi B toka zamani? Tena inaweza ikawa chini kabisa na kansa imesharudi, hasa ikiwa bado ndogo. Ndo maana hata madaktari wa kansa wa Marekani hawashauri mtu aliyemaliza matibabu na hana dalili apimwe hiyo damu kila mara, wanaitumia zaidi kwa yule ambaye imeshasambaa, waone dawa inashika ama vipi.

Hofu yake naielewa bwana. Ya kwake ni tripo negetivu, ile kali, haina vipokezi vya homoni wala ile protini ya HER2 nyingi, vile vidonge vya kuzuia homoni anavyomeza dada yako yeye havimsaidii. Na ikirudi mara nyingi hurudi miaka 3 ya kwanza, akivuka 5 hatari imeshuka sana, yeye ndo kwanza mwaka wa pili. Lakini Rehema, si alipewa kemo kabla ya operesheni, na walipokata hawakukuta kansa iliyobaki, titini wala kwapani? Waliotoka hivyo kurudiwa ni kidogo kuliko waliokutwa na mabaki. Karatasi hiyo haitaki hata kuiangalia, yeye na 34 yake tu!

Kinachoniuma zaidi hela ya maabara ndo ilikuwa nauli ya kliniki ya hospitali ya Mulago huko Kampala. Huko wangemshika titi na makwapa, wangemwuliza kama mifupa inamuuma bila kuacha, kikohozi, pumzi, kichwa, na mamogramu, ile picha ya matiti, ya mwaka huu bado hajafanya. Mimi nikisema ananiambia wewe muuza vitenge unajua nini. Wewe anakusikia.

Sasa unaweza kumpokea paki ya taksi Jumanne muingie naye kwa daktari, na hiyo 34 aione, na ya ini pia aambiwe? Karatasi za operesheni ziko kwako au kwa Hassan? Dada yako vidonge vinamwendeaje, bado vile viungo vinamkaza? Nijibu leo leo, huyu akishika hela nyingine tu ashafika maabara.

Wako Aisha