Sahihi wanayoitaka kabla ya moto

Tanga

Mpendwa Rukia,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Najua nimekuwa kimya mno, na Salma amekwisha kunilaumu kwa niaba yako, lakini leo imenilazimu kukuandikia, kwa kuwa nimeletewa hati nitie sahihi kwamba nimeshuhudia bangi ya kesi zilizokwisha ikiteketezwa, ilhali bangi yenyewe bado imo stoo ya vielelezo.

Wanasema itachomwa Ijumaa, shimoni, nyuma ya ofisi. Amri ya mahakama ipo, hilo silipingi. Ninalolidai ni kwamba kila kifurushi kitolewe rafuni mbele ya hakimu, lakiri, yaani muhuri wa kukifunga, ikaguliwe, namba ya kesi isomwe kwa sauti, na uzito upimwe upya ulinganishwe na ule wa siku ya kukamatwa. Bangi ikikauka hupungua uzito, na hilo lina maelezo; lakiri iliyofunguliwa haina maelezo, na moto ukishapita hakuna atakayejua kama kilichoungua ni bangi au ni majani ya mwembe. Watu wote wanauwaza moto, Rukia, na wizi hutokea kati ya rafu na moto.

Hata moto wenyewe una taabu. Kule Wazo Hill, Dar es Salaam, ambako Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huziteketeza katika tanuru la kiwanda cha saruji, joto hufikia nyuzi 1,450 na hakibaki kitu. Shimo letu litaacha magunia yaliyoungua nusu, nayo yatafukuliwa usiku uleule.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu Al Noor, ile meli ambayo Kenya iliilipua baharini Agosti 2014, ikiwa na zaidi ya kilo 300 za heroini, huku kesi haijakwisha? Wewe ulisema Rais mwenyewe alishuhudia. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba aliyeuona mlipuko hakuuhesabu mzigo.

Linaloniumiza zaidi ni ile nyama ya swala, kielelezo kingine kilichomo stoo. Kesi yake haijasikilizwa, nyama inaharibika, na wao wanataka iingie shimoni pamoja na bangi, washtakiwa wakiwa mahabusu. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba kielelezo kinachooza kikiombewa amri ya kuteketezwa, mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu na asikilizwe. Pasipo hivyo hati ya orodha ya vielelezo vilivyoteketezwa haitapokelewa kuwa ushahidi, na nyama yenyewe itakuwa majivu. Nimelisema hili mara kadhaa, nikajibiwa kwamba stoo inanuka. Kweli inanuka, lakini njia ya kwenda kwa hakimu ni fupi.

Sahihi sijaitia, wala sitaitia kabla sijayaona kwa macho yangu.

Sasa nisaidie. Je, naweza kumwandikia hakimu moja kwa moja bila kumpitia mkuu wangu? Huko kwenu nani hushika mizani siku ya kuteketeza, polisi au watu wa Mkemia Mkuu? Picha hupigwa kabla ya kupima au baada? Mzee Kassim bado yupo, au amekwisha kustaafu? Na ile fomu yake ya zamani, yenye nafasi ya sahihi ya kila shahidi kwa kila kifurushi, unaweza kunitumia nakala kabla ya Alhamisi?

Wako akupendaye,
Mwanaidi