Kabla hujakubali kubadilishana linki na mtu

Mama mmoja anayeuza leso Mtaa wa Biashara, Mombasa, alipanda ngazi hadi ofisini kwetu, simu mkononi, akatuonyesha ujumbe aliotumiwa: "Tuwekee linki yetu kwenye tovuti yako, nasi tutaweka yako. Tovuti 300 ziko tayari." Alitaka kujua aingie au asiingie.

Tukafungua naye mojawapo ya hizo 300. Juu paliandikwa "Washirika wetu", na chini yake msururu mrefu: mabati, kliniki ya meno ya nchi nyingine, kamari, dawa za kupunguza unene, kamari tena. Namba ya simu hakuna, jina la mwenyewe hakuna. Tukamwuliza: "Mama, mteja wako wa leso akikuuliza pa kwenda, ungemwelekeza huku?" Akaizima simu, akaitia mkobani.

Swali hilo ndilo tunalomwuliza kila mteja anayetaka tovuti yake ipande kwenye Google, na hatujapata kipimo kingine kinacholishinda.

Tangu Larry Page na Sergey Brin waanzishe Google mwaka 1998, linki imehesabiwa kama ushahidi. Tovuti ikiwaelekeza watu kwako, imekushuhudia, na shahidi anayeheshimika ana uzito kuliko asiyejulikana. Watu wakalijua hilo, wakaanza kununua mashahidi. Aprili 2012 Google ikatoa badiliko la mfumo wake wa kupanga tovuti, lililoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizojipandisha kwa linki za kupangwa zikaporomoka. Kuanzia Septemba 2016 badiliko hilo liko ndani ya mfumo wenyewe, na zaidi huzipuuza tu linki za aina hiyo. Maana yake umetoa pesa zako ukapata sifuri. Na mkaguzi wa Google akiona umezidisha, anaweza kukushusha kwa makusudi. Taarifa utaikuta kwenye Search Console, zana ya Google ya kufuatilia hali ya tovuti yako kwake, ambayo ni ya bure na kila mwenye tovuti anapaswa kuwa nayo.

Hata hivyo kubadilishana linki si haramu. Miongozo ya Google inakataza kubadilishana kupita kiasi, na kutengeneza kurasa za washirika kwa ajili ya kupeana linki tu. Wafanyabiashara wawili wanaopelekeana wateja kila siku hawana la kuogopa.

Basi tukakaa na mama, tukahesabu wanaompelekea wateja hivi sasa, bila intaneti. Wa kwanza ni fundi anayekata na kupinda leso. Yuko jirani, lakini hana tovuti, tukampita. Wa pili ni dada wa Kisauni anayepamba maharusi na kuwachora hina na piko. Ana tovuti yenye picha zake mwenyewe, na karibu kila bibi harusi wake anahitaji leso. Wa tatu ni nyumba ya wageni Mji wa Kale, ambayo wageni wake wakitoka Fort Jesus huuliza wapi watapata leso za kupeleka kwao. Watatu tu, na wawili ndio wenye tovuti. Linki mbili hizo tunazithamini kuliko zile 300, kwa sababu mtu atazibofya kweli na akifika atanunua.

Kumkagua mwenzako si kazi kubwa. Andika kwenye Google neno site, nukta mbili, halafu anwani yake bila kuacha nafasi. Usipoletewa ukurasa hata mmoja, huenda Google imeiondoa, kaa mbali. Soma kurasa zake tatu nne uone kama zimeandikwa na mtu anayeijua kazi yake. Piga namba ya simu iliyowekwa. Hizo alama za 1 hadi 100 ambazo wauzaji wa linki hujisifia zinatolewa na kampuni za programu, si Google, kwa hiyo zisikutie tamaa.

Ukishampata, anza wewe kutoa. Mama alimwandikia yule dada hivi, kwa maneno yake mwenyewe:

"Assalamu alaikum dada. Mimi nauza leso Mtaa wa Biashara. Wateja wangu wa harusi huniuliza mpambaji, na nimeshakutaja kwenye ukurasa wangu wa leso za harusi, uangalie. Nawe ukiona linawafaa wateja wako, nitafurahi ukinitaja."

Jibu lilikuja kabla ya magharibi.

Linki yenyewe ikae ndani ya maelezo yanayomfaa msomaji, si mguuni mwa tovuti wala kwenye ukurasa wa majina matupu. Maneno yanayobofywa yawe ya kawaida, kama "dada anayepamba maharusi Kisauni". Ukitaka kila mtu akuandikie "leso bei nafuu Mombasa", neno kwa neno, unajichongea mwenyewe. Na kama linki imelipiwa, iwekewe alama kwenye msimbo wa ukurasa (code) inayoiambia Google hivyo. Ni kazi ya dakika moja kwa anayekutengenezea tovuti.

Wengine huja kwetu wakiwa wameshanunua. Tunafungua Search Console, tunatazama nani anawaelekezea, tunawaandikia wenye tovuti hizo waziondoe. Ipo pia zana ya Google ya kuzikataa linki, yaani kuiambia isizihesabu, tangu Oktoba 2012, ila hatuigusi mpaka tuone adhabu imeshatoka au iko karibu, maana ukikosea unazikataa hata zilizokufaa.

Ukija ofisini usituletee orodha ya tovuti. Tuletee majina ya watu watano waliokupelekea mteja mwezi huu, na simu zao. Tutaanzia hapo.