Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tunatenganisha taka, lori linazichanganya

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUWASHIRIKISHA WAKAZI KATIKA UKUSANYAJI NA UREJELEZAJI WA TAKA ZA MAJUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yako imetangaza tena kampeni ya usafi. Fulana zitagawiwa, mabango yatabandikwa, viongozi watapigwa picha na mafagio, nasi tutahimizwa kutenganisha taka. Sina ugomvi na kampeni. Ila wengi wetu tulishatenganisha: zinazooza kwenye ndoo, chupa na makopo kwenye kiroba. Lori likaja, vyote vikarushwa humo humo na kushindiliwa. Mtu akishaliona hilo, hakuna bango litakalomrudisha kwenye ndoo mbili.

Naomba basi, kabla ya kutuelimisha, uketi na wakazi mkubaliane taka zikitoka mlangoni zinachukuliwa na nani, siku gani, na zinapelekwa wapi. Ushirikishwaji unaoishia kwenye kushika fagio ni kibarua kisicho na ujira.

Anza na mkataba wa mzoaji. Kama analipwa kwa tani anazomwaga dampo, kila kilo inayorejelezwa inampunguzia malipo. Atatenganisha ili iweje? Tuoneshe mkataba huo, na uingizwe kifungu kinachomkataza kuchanganya kilichotenganishwa. Hapo wakazi tutakuwa wakaguzi wako wa bure, maana lori linapita mbele ya milango yetu, si mbele ya ofisi yako.

Halafu zinazooza. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilionesha kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Ndizo nzito, ndizo zinazonuka, na ndizo zinazoharibu nyingine. Boksi kavu lina mnunuzi; likilowa maji ya mabaki ya jikoni, halina. Zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methane, gesi inayowaka na inayochangia kupasha joto dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Zikibaki karibu na nyumbani zinakuwa mboji, na lori linabeba nusu ya mzigo.

Wataalamu wako watasema mboji inanuka na kuvuta panya. Inanuka ikilowa na kukosa hewa. Ukitandaza majani makavu au karatasi zilizochanwa juu ya kila ndoo ya mabichi, ukaligeuza rundo mara kwa mara na kulifunika, harufu inayobaki ni ya udongo. Utaalamu si kikwazo kikubwa hapa. Ugumu uko kwenye nani ashike ufunguo wa eneo, nani ageuze rundo watu wakisafiri, na mboji ikiiva igawiwe vipi. Hayo hayaamuliwi kwa waraka, yanaamuliwa na wanaoishi pale, na wakishaamua wenyewe wanasutana wenyewe.

Wapo pia waokotaji, ambao kampeni zenu huwataja kama kero. Mtazame mmoja akifanya kazi: anafungua kifuniko cha chupa ya maji na kukitupia mfuko mwingine, kwa sababu chupa na kifuniko ni plastiki mbili tofauti. Ukizikatakata na kuzitia majini, ya chupa inazama na ya kifuniko inaelea. Anajua bei ya kila aina wiki hii, na anajua kipi hakina mnunuzi. Sioni kamati ya taka itakayofaa bila yeye kuwa na kiti. Jijini Pune, India, waokotaji waliunda ushirika uitwao SWaCH, na mwaka 2008 ukaingia makubaliano na manispaa. Wanapita nyumba kwa nyumba, wakazi wanalipa ada, na wao wanauza kinachouzika. Si lazima tuige kila kitu. Ila waliohesabiwa kuwa tatizo ndio waliokabidhiwa kazi.

Kuhusu ada, nimesikia ikisemwa kwamba wananchi hawapendi kulipa. Hatupendi kulipia kitu tusichokiona. Kila mwezi bandikeni kilo zilizokusanywa, zilizouzwa na zilizokwenda dampo, pamoja na fedha zilizopatikana. Betri, dawa zilizokwisha muda na vioo vilivyovunjika navyo tuelekezwe pa kupeleka, maana kwa sasa vinaishia kuwachoma mikono wazoaji.

Usianze na mji mzima. Chagua mtaa mmoja ambao wakazi wake wamekubali wenyewe, uupe lori linalokuja siku tofauti kwa taka tofauti, na kamati yenye wakazi, waokotaji na mzoaji. Ikishindikana, tutajua tatizo limekaa wapi kabla fedha nyingi hazijateketea.

Tunaomba tarehe ya kikao kabla fulana hazijachapishwa, na nakala ya mkataba wa mzoaji ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mtaa.

Wako,
Mkazi na mlipa ada ya taka